Kaunta Buku Langu

Mwezi wa tatu mwaka 2016, mwanamume mmoja alifika kibandani kwangu pale Msamvu, Morogoro, saa mbili asubuhi, hata mwamvuli sijamaliza kuufungua. Mtu wa heshima zake: shati limenyooshwa, kalamu mfukoni. Akanisalimia, akaulizia watoto, ndipo akasema, "Dada Wakala, samahani. Mama watoto alituma hela kupitia kwako juzi, sasa meseji imefutika. Hebu tuangalie ilikuwa ngapi, tusije tukawa tumepigwa."

Nikamgeuzia daftari.

Basi, ni hilo tu. Sikusema neno. Niligeuza kaunta buku likamwelekea yeye, mimi nikaendelea kupanga chenji kwenye kopo. Aliteremsha kidole taratibu, mstari kwa mstari, akafunua ukurasa wa nyuma, akafunua na wa nyuma yake. Akatoa simu akapiga picha. Akashukuru, akaondoka.

Kwa asiyeijua kazi hii: wakala wa pesa za simu miaka ile alikuwa na kaunta buku limepigwa mistari kwa rula. Tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Ukija kutoa unaandikwa, ukija kumwekea mtu wako hela unaandikwa wewe na namba ya huyo mtu. Daftari linakaa juu ya meza, wazi, limefungwa kalamu kwa uzi ili isiibiwe. Angalia hapo: kalamu ya shilingi mia mbili tulikuwa tunaifunga kamba, na majina ya watu tumeyaacha yanapigwa na upepo. Anayefuata kwenye foleni anasoma aliyetangulia. Nimeona watu wakisaini huku macho yako mistari mitatu juu, wanatafuta jirani yao ametumiwa ngapi.

Yule dada, mke wa mwanamume huyo, sikumwona tena kwa miezi. Nilikuja kukutana naye soko la Mawenzi, anachagua nyanya. Nikamtania, "Mbona umenikimbia, umepata wakala mwenye makato nafuu?" Hakucheka. Akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa ili muuza nyanya asisikie, kwamba alikuwa akimwekea mama yake hela Gairo, elfu kumi leo, elfu saba wiki ijayo, faida ya vitumbua. Simu ya mama alikuwa nayo kaka yake, kwa sababu mama haoni vizuri. Mume akaona namba moja imejirudia mara tisa kwenye kurasa tatu. Akaipiga usiku. Ikapokelewa na sauti ya kiume.

"Mpaka kaka anapanda basi kuja kujieleza, mimi nilishalala siku mbili kwa jirani," akasema. Halafu akaongeza jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: "Wewe hukusema kitu, Wakala. Uligeuza daftari tu."

Naanza na kisa hiki kwa sababu watu wakizungumzia serikali kuwafuatilia raia, wengi wetu tunapata picha ya mtu mwenye miwani myeusi ndani ya gari la vioo vyeusi. Mimi picha yangu ni mwanamke wa kanga amekaa kwenye stuli ya plastiki, anapanga chenji.

Miaka mitatu kabla ya hapo tulikuwa tunalicheka jambo hili hili. Nilikuwa na redio ndogo ya betri, na nilikuwa na mteja wangu wa kudumu, mwalimu mstaafu, anayekuja kuchukua pensheni yake iliyotumwa na mwanawe (mwenyewe aliiita pensheni, serikali ya kwao ikiwa ni mtoto) na kukaa mpaka adhuhuri akisikiliza matangazo ya Deutsche Welle. Juni 2013 ndipo lilipotoka jina la Edward Snowden, kijana wa miaka 29 aliyekuwa akifanya kazi za mkataba kwa NSA, idara ya Marekani inayonasa mawasiliano. Alitoroka na nyaraka mpaka Hong Kong, akaishia Moscow. Oktoba mwaka huo huo ikaja habari kwamba hata simu ya mkononi ya Angela Merkel, Kansela wa Ujerumani, ilikuwa imelengwa na Wamarekani. Mama wa watu akasema kupelelezana baina ya marafiki ni jambo lisilokubalika kabisa.

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Balozi wa nyumba kumi amefika Ujerumani," akasema.

Stendi nzima ilichukua ule utani. Kwa wiki moja kila aliyekuwa akipokea simu anaambiwa, "Punguza sauti, Obama anasikia." Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa kufuatilia, na mwaka uliofuata, Mei 2014, alikuja hacheki. Katika zile nyaraka za Snowden mlikuwa na Kenya. Ilitajwa pamoja na Mexico na Ufilipino kuwa nchi ambazo NSA inachota taarifa za simu za taifa zima, chini ya mpango uitwao MYSTIC. Kwa Bahama walikuwa wananasa hadi sauti. Kwa Kenya ilielezwa ni metadata, yaani siyo maneno mliyoongea, bali nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani.

Nakumbuka nilisema, "Ah, kumbe maneno hawasikii. Basi afadhali."

Mwalimu hakunijibu. Na mimi ilinichukua miaka miwili na nyanya za Mawenzi kujua kwamba nilikuwa nimesema upuuzi. Daftari langu nalo halikuwa na maneno. Lilijua nani, lini, namba gani, mara ngapi. Lisilolijua ni kwa nini, na hiyo "kwa nini" mume aliijaza mwenyewe kichwani mwake, usiku, akiwa na hasira. Mistari tisa bila maelezo ni mibaya kuliko barua nzima ya mapenzi, maana barua ingemwambia, "Mama, hela ya dawa hiyo." Mtu anayeshika maneno yako anaweza kukuelewa vibaya, sawa, lakini anayeshika mistari tu ana uhuru wote wa kukutungia.

Michael Hayden, aliyewahi kuongoza NSA na CIA zote mbili, aliwahi kusema hadharani mwaka 2014, kwenye mjadala chuo kikuu cha Johns Hopkins, kwamba wao huua watu kwa kutegemea metadata. Akaongeza kuwa siyo zile za Wamarekani wenyewe. Nilipolisoma hilo nilifikiria zile namba za Kenya, na mpaka wa Kenya na Somalia, na watu wangapi pale wanatumia simu ya kaka.

Sasa, Mwalimu hakuwa mtu wa upande mmoja, na sitaki nimfanye awe. Siku nyingine alinikumbusha tarehe 7 Agosti 1998, siku mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Mimi nilikuwa darasa la tano. Mjomba alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na mama alishinda posta akisubiri zamu ya simu, kila akipiga mlio ni ule ule. Mjomba alikuwa salama, Tandika, hata hakuwa karibu na ubalozi. Lakini watu 11 walikufa Dar, na Nairobi zaidi ya 200, wengi wao wapita njia na makarani wasiojua hata bin Laden ni nani. "Kama kusikiliza simu kungewaokoa wale," Mwalimu akaniuliza, "ungekataa?"

Nisingekataa. Na yeyote anayesema angekataa, aende akawaambie waliopoteza macho siku ile kwa vioo vya madirisha.

Tatizo ni kwamba walikuwa wakisikiliza. Hili nalijua sasa, liko kwenye kumbukumbu za kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001. Wadih el-Hage, aliyekuwa katibu wa bin Laden, aliishi Nairobi, na simu zake zilikuwa zikinaswa na Wamarekani tangu 1996. Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya mlipuko, maofisa wa Marekani pamoja na polisi wa Kenya waliingia nyumbani kwake wakapekua na kuchukua kompyuta. Masikio yalikuwepo. Bomu likalipuka. Nilimpelekea Mwalimu habari hii kama mtoto anayepeleka karatasi ya mtihani yenye alama mia. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi tatizo siyo masikio." Hakuniambia tatizo ni nini. Walimu ndivyo walivyo.

Nimeshasema balozi wa nyumba kumi. Kwa vijana wa sasa labda nieleze kidogo, maana wengi mnamjua kama mtu wa kugonga muhuri. Utaratibu ulianzishwa na TANU miaka ya 60, kila nyumba kumi na kiongozi wao. Babu yangu mzaa mama alikuwa balozi Kimamba, kule kwenye mashamba ya katani ya Kilosa. Mgeni akilala kwako, lazima babu aambiwe: jina, ametokea wapi, analala siku ngapi. Alikuwa na daftari lake pia. Nikilinganisha, nadhani la kwangu lilikuwa na majina mengi zaidi.

Mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Sabuni ikawa kosa, sukari ikawa kosa, kama huna maelezo umeipata wapi. Jirani wa babu, fundi cherehani, alikuwa na katoni za sabuni ya mche chini ya kitanda, na babu alijua, kwa sababu hata watoto walijua. Mama anasimulia kwamba usiku mmoja babu alivaa koti, akaenda kwa yule fundi, akakaa, akanywa chai yote, alipoinuka akasema, "Kesho nina wageni kutoka wilayani. Mimi nikiulizwa nilichokiona, huwa nasema." Asubuhi kijito cha nyuma ya kambi kilikuwa kinatoka povu kama ndoo ya dobi. Wale wageni walipita juu ya daraja, wakaliona lile povu, mmoja akacheka. Hawakukuta kitu.

Kitendo hicho Kiswahili kina jina lake: kusitiri. Babu alijua, na kwa kuwa alijua, akawa na wajibu. Sisi hatukukua na neno faragha. Hilo nimelikuta ukubwani, kwenye magazeti na kwenye Katiba, Ibara ya 16. Tulikua na sitara. Katika nyumba za vyumba sita, dari moja, choo kimoja, huwezi kuficha kitu: jirani anasikia ukikohoa, ukigombana, ukilia. Kinachokulinda siyo ukuta, ni jirani kujifanya hakusikia. Asubuhi anakusalimia kama kawaida.

Lakini babu huyo huyo alimtaja kijana mmoja aliyelala kwa shangazi yake bila kuandikishwa. Kijana akawekwa ndani siku tatu, akatoka na homa. Hakuwa mhujumu wa chochote, alikuwa amekuja kutafuta kazi ya kukata katani. Yule shangazi hakugombana na babu. Hakumtukana. Babu alipofariki mwaka 1997, hakuja msibani. Nyumba ilikuwa hatua arobaini kutoka kwetu, tulikuwa tunamwona anafagia uwanja wake huku tunatandika mikeka. Bibi hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe, nadhani. Na babu naye alijua litakuja. Kwa miaka kumi na nne alimpita yule mama njiani akijua kuna siku ataulizwa.

Ndiyo maana utani wa Mwalimu, mzuri kama ulivyokuwa, siku hizi naona haukukamilika. Balozi wa nyumba kumi hajafika Ujerumani. Aliyefika Ujerumani ni daftari la balozi bila balozi. Yule wa kule Fort Meade, Maryland, makao makuu ya NSA, anayeiona namba yangu ikimpigia dada yangu Mombasa, sitakuja kumsusia msiba wake. Simjui. Mtoto wake hasomi na wangu. Akikosea, hakuna uwanja wa kufagia akiniangalia.

Na siasa za dunia katika jambo hili zinanichosha, niseme ukweli. Merkel alikasirika vizuri sana 2013. Mwaka 2015 ikafahamika kwamba idara ya ujasusi ya nchi yake nayo ilikuwa ikizisikiliza serikali rafiki za Ulaya. Wamarekani wanatuonya tusinunue mitambo ya Wachina kwa sababu watatusikiliza. Wachina wanasema wasemao hivyo ndio wasikilizaji wakubwa. Wote wanasema kweli! Januari 2018 gazeti la Ufaransa, Le Monde, liliandika kuhusu jengo la makao makuu ya Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, zawadi ya China ya dola milioni 200, lililofunguliwa 2012. Kwa mujibu wa habari ile, kwa miaka mitano kila usiku kuanzia saa sita hadi saa nane, wakati ofisi zikiwa tupu, mitambo ilikuwa inazidi kuwa na kazi kuliko mchana: data zilikuwa zinasafiri kwenda Shanghai. China ilikanusha, ikaiita habari ya kipuuzi. Mimi sina ushahidi wangu. Ila nimepanga nyumba nyingi, na najua mwenye nyumba anapokukabidhi funguo mbili anabaki na ya tatu. Kinachonishangaza ni kwamba wakuu wa nchi hamsini na kitu walipokea jengo, wakakata utepe, na kitasa hawakubadilisha.

Halafu 2021 ikaja orodha ya Pegasus, programu ya kampuni ya Israeli, NSO, inayoweza kuingia kwenye simu bila hata mwenyewe kubofya kitu. Kampuni inasema inaiuzia serikali tu, kwa ajili ya magaidi na wahalifu. Kwenye namba zilizovuja mlikuwa na namba ya Macron wa Ufaransa na ya Ramaphosa wa Afrika Kusini. Kama rais anaweza kuandikwa kwenye orodha hiyo, mimi na kiswaswadu changu hatuna haja ya kujivunia kwamba hatuna la kuficha. Msemo huo, "kama huna la kuficha," nimeusikia mara nyingi sana pale kibandani, na mara nyingi kutoka kwa watu wanaofunika namba ya siri kwa kiganja.

Kuna mambo ya hapa kwetu ambayo sitayaandika, na msomaji wangu anajua kwa nini. Nirudi kwenye meza yangu.

Mwaka 2019, kuanzia Mei, laini zote zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Mwisho ulikuwa Desemba 31. Rais Magufuli mwenyewe alisajili laini yake Chato mwishoni mwa mwezi huo, akaongeza siku ishirini, mpaka Januari 20. Siku zile sikulala. Nilipewa kishikwambi na kile kidude cha kusoma kidole, nikaajiri kijana mmoja anisaidie, foleni ikawa inazunguka mpaka kwa muuza miwa.

Nilijifunza vidole vya watu. Mwanafunzi anasoma mara moja. Mvunja kokoto hasomi. Fundi saruji hasomi. Bibi aliyetwanga na kuchambua mpunga maisha yake yote ameufuta mchoro wa dole gumba kama sarafu ya zamani. Unampangusa kwa kitambaa, unampaka mafuta kidogo, unambinya, mashine inakataa, anaanza kuona aibu kana kwamba amefeli mtihani. "Mjukuu wangu, kwani mimi siyo mtu?" aliniuliza mmoja. Tulijaribu vidole vyote kumi, kikakubali cha mwisho cha mkono wa kushoto. Tukashangilia foleni nzima.

Katika hekaheka hiyo hakuna hata mmoja aliyeniuliza kidole chake kinakwenda wapi. Hata mmoja, kwa miezi tisa. Mimi pia sikuuliza. Nilikuwa nahesabu kamisheni. Kwa hiyo mwaka 2023 nilipoona Wakenya wamejazana kwenye jumba la mikutano la KICC Nairobi wakipigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa kama shilingi elfu saba za kwao, mpaka serikali ikasimamisha, sikuwacheka. Wao angalau walilipwa.

Mwezi wa nne 2020 mzee mmoja wa Kihonda aliitwa kituoni. Laini yenye jina lake ilikuwa imetuma ule ujumbe maarufu, "ile hela tuma kwenye namba hii," na mtu alikuwa ametuma kweli. Mzee hajui hata kuandika meseji. Tulibonyeza *106# kwenye simu yake tukakuta laini nne kwa kitambulisho chake. Yeye anamiliki moja. Nilipata baridi tumboni, maana nilikumbuka siku aliyosajili. Nilikuwa nimekwenda kula, alihudumiwa na kijana wangu. Na kijana yule alikuwa na maneno yake: "Haijasoma mzee, weka tena. Tena. Weka tena kidogo."

Ilikuwa inasoma.

Nilikwenda na mzee kituoni, nikaeleza mbele yake yote. Kijana alikuwa keshahama. Mzee aliachiwa, laini zikafungwa. Njiani akaniambia, bila hasira, "Nilidhani ni kidole changu kibovu." Ningependa angenitukana.

Hapo ndipo nilipobadilika, na siyo kwa sababu ya Snowden. Nilichukua karatasi ngumu ya manila, nikakata tundu refu upana wa mstari mmoja, nikaiweka juu ya kaunta buku. Mteja anaona mstari wake tu. Wateja walinicheka, "Wakala, umeajiriwa na Usalama?" Mume, mke, mama mkwe, mchungaji, yeyote akija kuulizia muamala wa mwenzake, namwambia aje na mwenyewe. Akaja pia askari mmoja mwenye haraka, anataka kurasa za wiki nzima za mtu ambaye hakunitajia kosa lake. Nikamwomba barua. Mikono ilikuwa inatetemeka, niliificha chini ya meza. Akaniangalia sana, akaondoka, hakurudi. Mwingine alikuja na barua kamili, jina, tarehe, namba ya jalada, nikampa mstari aliouomba, mwizi wa bodaboda akapatikana. Wote wawili ni serikali. Tofauti yao ni karatasi moja, na kwangu tofauti hiyo imekuwa kubwa kuliko hotuba zote nilizosikia kuhusu usalama na uhuru. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, iliyopitishwa 2022. Niliichapisha kurasa chache nikazibandika ndani ya kibanda. Wanaozisoma ni wanaosubiri mvua ikatike.

Lakini mwaka jana nilinunua maandazi mawili kwa mama mmoja pale pale stendi. Kanifungia kwenye karatasi. Nikala la kwanza, nikageuza karatasi kujipangusa mafuta, nikaona mistari ya rula. Mwandiko wangu. Majina ishirini na mbili, namba za simu, namba za vitambulisho, sahihi, Agosti 2015. Nilikuwa nimempa mwenyewe yule mama madaftari matano ya zamani kwa kilo, niliponunua makabati mapya, hata sikukumbuka. Mimi na karatasi yangu ya manila.

Nilinunua maandazi yote yaliyobaki. Nikaenda kwake nikachukua madaftari mawili na nusu. Mengine yalishakwenda na karanga. Nikakusanya na yale ya nyumbani, ambayo hayatakiwi tena na mtu, kiroba kizima.

Kaunta buku haliungui kirahisi. Likiwa limefungwa linaungua kingo tu, katikati linabaki jeupe, lazima uchane kurasa moja moja. Nilikaa nyuma ya nyumba usiku kwenye kigoda, nachana, natupia kwenye jiko la mkaa. Machi 2016 nilipoifikia nilisimama kidogo. Ile namba ya Gairo ilikuwepo, mara tisa kweli, alihesabu vizuri.

Moshi ukapanda. Haikupita robo saa nikasikia kandambili zinaburuzwa kwenye kona ya ukuta. Mjumbe wetu wa mtaa, mzee wa miaka sabini, tochi mkononi.

"Hodi humu. Wakala, unachoma nini usiku huu?"

"Taka, mzee. Karibu."

Alimulika kiroba, akamulika jiko, tochi ikatua juu ya ukurasa uliokuwa mapajani mwangu. Akaizima.

"Chai ipo?" akauliza, akavuta ndoo, akaigeuza, akakaia. Nilipotoka ndani na kikombe nilimkuta anachochea kwa kijiti, anazichana na yeye, uso kaugeuzia upande wa mwembe.

"Hizi karatasi nzito," akasema. "Zichane ndogo ndogo."